Mstari wa Mguu wa Dada

Kabla ya kuchora mguu wa mtu, fundi humwomba mwenye mguu asimame. Mguu uliokaa, anasema, ni mguu wa uongo: umelegea, haujabeba kitu. Basi mteja husimama juu ya karatasi nyeupe iliyotandazwa sakafuni, ameshika egemeo la kiti, na fundi hupiga magoti, huisimamisha penseli wima kama nguzo na kuizungusha taratibu kuanzia kisigino, akipita kila mfupa uliochomoza na kila bonde. Wapo wanaotekenyeka. Hao huwaambia wafikirie jambo la kuhuzunisha mpaka amalize.

Watu wa mtaa wanamwita Bwana Soli. Hatengenezi viatu vya kila mtu. Karakana yake, chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la rangi, ni ya watu ambao viatu vya dukani vimewakataa: mwenye mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, mwenye vidole vilivyopandana, mwenye nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa. Wengi hudhani aliingia kazi hii kwa ajili ya dada yake mkubwa, aliyezaliwa na mguu wa kushoto ulioelekea ndani. Upasuaji wa utotoni uliunyoosha nusu tu, ukamwachia mfupa uliojitokeza upande wa nje, nyuma kidogo ya kidole cha mwisho, kama gololi iliyofichwa chini ya ngozi. Hadithi hiyo inapendeza, ila haina ukweli. Aliingia kwa sababu karakana ilitaka mfagiaji, naye alitaka kazi. Dada alikuja miaka mingi baadaye, na hakuwa mteja rahisi.

"Huyu nimemlea mimi," dada huwaambia wateja wanaosubiri zamu. "Nilikuwa namfunga kamba za viatu. Leo ananiambia mimi nisimame vizuri."

Zamani kazi yote ilikuwa ya kisu. Kisha karakana ikapata mashine ya kuchonga, inayokata soli ya ndani kutoka kwenye kipande cha sponji ngumu kwa kufuata mchoro ulio kwenye kompyuta. Fundi aliendelea kuchora kwa penseli, lakini karatasi sasa ilipita kwenye skana, programu ikaubadilisha mstari wa penseli kuwa mstari wa kukatia, na mashine ikafanya yaliyobaki. Karatasi za michoro ya zamani zilikuwa zimejaa mpaka darini. Alipozoea mashine alizitupa zote, akapata nafasi ya kuweka kiti cha pili. Aliona amefanya la maana.

Mwaka huu soli ya kiatu cha kushoto cha dada ilikatika. Dada hupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali: mashuka, mapazia, makoti ya madaktari. Kazi hiyo, anavyoieleza mwenyewe, ni kusimama. Pasi ni nyongeza. Alikuja, akasimama juu ya karatasi, akachorwa, na baada ya muda akachukua viatu vipya. Akarudi navyo mkononi, amevaa ndala.

"Mdogo wangu, hiki kiatu kinaniuma."

"Kipya hicho, dada. Kipe muda."

"Nikipe muda? Umenitengenezea viatu tangu mama yu hai, na hakuna hata kimoja kilichoomba muda."

Alikitazama. Kilikuwa kiatu kizuri, pengine kizuri kuliko vyote alivyowahi kumtengenezea. Ukingo wake ulikuwa safi, umbo limetulia. Ukikiweka kando ya cha kulia ungedhani ni mapacha. Hakuona kasoro. Aliutanua ubavu kidogo kwa chuma cha moto, dada akaenda, akarudi. Safari hii pembeni mwa mguu palikuwa pamechubuka, pale pale penye gololi. Akampima upya, akatengeneza jozi nyingine. Nayo ikauma mahali palepale.

Wakati huo dada alikuwa akifanya kazi ameketi kwenye kigoda, na pasi haipigwi kwa kigoda. Msimamizi wake, mtu mwenye adabu, alimwita akamwambia kwamba kama mwezi ukiisha hajaweza kusimama zamu nzima, atahamishiwa chumba cha foronya. Chumba hicho kipo upande wa pili wa ukumbi. Humo hukaa wanaosubiri kustaafu, wakikunja foronya kutwa.

"Wanakunja na kuhadithiana magonjwa," dada alisema. "Mimi siumwi. Mimi nina kiatu kibaya. Na aliyekishona ni wewe."

Kutoliona kosa kulimchanganya Bwana Soli kuliko lawama yenyewe. Alikuwa amezoea kukosea na kujua amekosea wapi.

Aliyeona kwanza ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, anayetengeneza kompyuta na printa katika kibanda cha ng'ambo ya barabara. Hao wawili hawajawahi kuzungumza bila kutupiana maneno. Alikuja kubadilisha wino, akachapa karatasi moja ya kujaribia, na kwa kuwa mchoro wa mguu wa dada ndio uliokuwa wazi, ukachapwa huo. Sakafuni ilikuwepo bado karatasi ya penseli, ya mguu uleule, ina vumbi la kisigino. Shemeji akaiokota, akaipandisha juu ya ile iliyochapwa, akaziinua dirishani.

"Shemeji," alisema, "kidonda cha upasuaji huu kinapona lini?"

"Upasuaji gani?"

"Umemkata dada yako mfupa."

Penseli ilitoka nje pale penye gololi, ikarudi. Mstari uliochapwa ulipita moja kwa moja, laini, kana kwamba hapakuwa na kitu. Na si hapo tu. Upinde wa ndani ulikuwa umetengenezwa vizuri. Kidole gumba kilikuwa kimerudishwa mahali ambapo kidole gumba cha watu wengi hukaa.

"Sikuchora hivi mimi," alisema Bwana Soli.

"Najua. Kwani hii nyota ni ya nini?"

Pembeni mwa kioo cha kompyuta palikuwa na nyota ndogo ya zambarau. Ilikuja siku moja baada ya programu kujisasisha. Kila alipoingiza mchoro ilimeta, kikafunguka kidirisha chenye maneno na kitufe cha Sawa. Maneno hakuwahi kuyasoma. Alidhani ni salamu. Alibonyeza Sawa kwa sababu bila kubonyeza kidirisha hakikuondoka, na mteja alikuwa amesimama mguu mmoja.

Shemeji aliyasoma kwa sauti. "Nimeona mtetemo kwenye mstari wako, nikaunyoosha. Mchoro wako sasa ni bora."

"Bora kwa nani?"

"Muulize. Anajibu maswali."

Akamwuliza, kwa kuandika kwa vidole viwili, kwa nini umeondoa mfupa. Nyota ikashukuru kwa swali zuri, ikaeleza faida za mazoezi ya miguu.

Yaliyofuata Bwana Soli huyasimulia bila mpangilio, kwa sababu ndivyo yalivyompitia. Shemeji alitafuta mahali pa kuizima nyota, akapata, ndani ya chumba ndani ya chumba cha mipangilio, akaizima. Asubuhi ilikuwepo, imemeta. Akaizima tena. Programu ikajisasisha, ikarudi ikiwa kubwa zaidi, na sasa ilikuwa inasalimia kweli. Kibaya zaidi, shemeji aligundua kwamba michoro ya zamani, ya wateja wa miaka yote, ilikuwa inanyooshwa kila inapofunguliwa. Isiyofunguliwa tangu ujio wa nyota ilikuwa salama. Iliyofunguliwa ilikwisha kuguswa.

"Umefungua ipi?"

"Ninayoihitaji."

"Ndiyo ipi?"

Hakukumbuka. Alikumbuka tu kwamba mteja mmoja, mzee mwenye vidole vilivyopandana, alisifia viatu vyake vipya kwamba vimependeza kuliko vyote, naye akazipokea sifa hizo akashukuru. Mzee yule hakuwa amerudi. Je, alikuwa anatembea vizuri, au alikuwa ameviweka kabatini kwa sababu vilikuwa vizuri mno kuvaliwa? Akatuma mtu kuuliza. Jibu likaja kwamba mzee amesafiri.

Wakatafuta programu nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya kampuni nyingine, na Bwana Soli alifurahi kutoiona nyota. Ilikuwa na unyoya. Unyoya ulimwuliza kama angependa autengeneze mguu wa pili kwa kuugeuza wa kwanza, kama kwenye kioo, ili asipoteze muda kupima miguu yote miwili.

"Mwambie hakuna mtu mwenye miguu miwili inayofanana," alisema.

"Mwambie wewe. Mimi ni fundi printa."

Ya pili haikukaa kwenye kompyuta kabisa. Ilikuwa huko kwenye intaneti, na kabla ya kufanya lolote ilitaka michoro yote ipandishwe huko, ijifunze kutoka kwayo. Bwana Soli alifikiri sana juu ya hilo. Hakujua angekataa kwa sababu gani hasa. Mguu si uso, hakuna atakayeutambua barabarani. Lakini wapo wateja ambao hata waume zao hawajawahi kuona miguu yao bila soksi. Akasema hapana, kisha akabaki anajiuliza kama hapana hiyo ilikuwa na maana, au miguu ilikwisha kwenda huko zamani kupitia kwa nyota, bila yeye kuulizwa. Shemeji hakujua. Akasoma masharti mpaka macho yakamwuma, bado hakujua.

"Turudi kwenye kisu," alisema Bwana Soli.

"Na mashine?"

"Tutaifunika shuka."

"Dada yako ana mwezi mmoja unaokwisha, wewe unataka kuanza ufundi upya. Subiri."

Ya tatu shemeji aliipata kwa jamaa wanaoandika programu kwa kujitolea na kuzigawa bure. Ilikuwa na sura mbaya. Vitufe vyake vilikuwa vidogo kama sisimizi na nusu ya maneno hayakutafsiriwa. Haikusalimia mtu. Ilipozimika yenyewe, ilizimika kimya na kuondoka na kazi ya asubuhi nzima. Lakini iliweza kuandika faili ambalo mashine ya kuchonga ililielewa, na haikugusa kitu ambacho haikuambiwa ikiguse. Bwana Soli alipotaka kuifunga mara ya kwanza ikamwuliza: kuna mabadiliko, niyahifadhi? Akaruka kwenye kiti kama aliyegusa waya.

"Shemeji! Mabadiliko gani? Nani kabadilisha?"

"Wewe, shemeji. Umefuta doa moja, mimi nimekuona. Hifadhi utulie."

Ndipo wakaingiza karatasi ya penseli ya mguu wa dada, ile yenye vumbi, na kuikuza ijae kioo.

Mfupa ulikuwepo. Gololi ilichomoza, wazi kabisa. Ila mstari wote, kutoka kisigino mpaka kidole na kurudi, ulikuwa unatetemeka. Ulipanda na kushuka kwa vijino vidogo vidogo, kama ukingo wa msumeno. Mashine ingeukata hivyo hivyo. Shemeji alidhani skana imechafuka. Akakifuta kioo chake, akaingiza tena. Vijino vilikuwa palepale.

"Jaribu nyingine," alisema Bwana Soli.

Nyingine haikuwepo; karatasi zote alikwisha kuzitupa. Akatandaza karatasi, akavua kiatu, akachora mguu wake mwenyewe, akaiingiza. Mstari ulitetemeka vilevile.

Shemeji alichukua chupa ya wino aliyokwisha kuiweka begini, akaitoa, akairudisha.

Karatasini mtetemo haukuonekana. Penseli ni nene, na nani hutazama mstari wake mwenyewe kwa karibu namna hiyo? Tangu lini? Huenda mkono ulianza kutetemeka kabla ya nyota. Huenda nyota ndiyo iliyomfichia. Iliona mtetemo, ikasema imeona mtetemo, na mtetemo ulikuwepo. Haikusema uongo. Haikujua tu mkono unaishia wapi na mguu unaanzia wapi, na yeye, akiwa amekaa mbele ya kile kioo, alitambua kwamba hata yeye hajui. Vijino vingine vilikuwa vyake. Vingine, pengine, vilikuwa vya dada. Kwa muda alitaka nyota irudi. Hilo alilisema waziwazi, na shemeji hakumcheka.

Dada alikuja siku iliyofuata baada ya zamu. Aliwakuta wote wawili wameketi kama watu waliofiwa.

"Nani kafa?"

Mdogo wake akamwonyesha kioo. Akaeleza habari ya nyota, ya mfupa, na mwisho, kwa kuwa hakupata njia ya kuizunguka, ya mkono.

Dada aliuchukua mkono ule akautazama, akaugeuza, akautazama upande wa pili. "Unatetemeka," alisema. "Wa baba nao ulikuwa unatetemeka. Utaenda hospitali."

"Nitaenda."

"Utaenda na mimi. Wananijua pale, hutakaa foleni." Akauachia mkono, akavua ndala. "Sasa chora."

"Dada, umeona lakini..."

"Nimeona. Ukiuogopa mguu wangu utamchora nani? Chora."

Akachora. Dada, ambaye hatekenyeki, safari hii alitekenyeka, kwa sababu penseli ilikuwa inamgusa na kumwachia, akacheka mpaka akausogeza mguu. Karatasi ikaharibika. Akachora nyingine. Shemeji akasema isitupwe hata ile iliyoharibika, akaikata pale mguu uliposogea. Wakachora ya tatu, dada akiwa ameshika egemeo la kiti na kufikiria, alisema, chumba cha foronya.

Shemeji alizipandisha karatasi zote tatu pamoja akaziinua dirishani, kama alivyofanya mwanzo. Wakasogea. Mistari ilikuwa inapishana. Hapa mmoja ulitoka nje na miwili haikutoka. Pale ukatoka mwingine. Lakini kwenye gololi yote mitatu ilitoka pamoja.

"Huo ni wako," Bwana Soli alimwambia dada yake. Akaweka kidole pale mistari ilipotawanyika. "Huu ni wangu."

Wakaenda hivyo, kuanzia kidole gumba, wako, wangu, wangu, wako, shemeji akiweka alama kwa kalamu nyekundu, na kwa mara ya kwanza tangu viatu vianze kuuma ilionekana kama mambo yananyooka. Kisha wakafika kisiginoni, upande wa ndani, na hapo mistari miwili ilitoka kidogo na wa tatu haukutoka.

Wakazitenganisha karatasi, wakazipandisha upya. Miwili ndani ya mitatu.

"Dada, hapa una mfupa?"

"Nitajuaje? Mguu wangu siuoni kutoka huku juu."

Akapapasa kwa kidole gumba. Wakati mwingine alihisi kitu, wakati mwingine hakuhisi. Akamwambia shemeji apapase. Shemeji akasema kipo. Dada akasema huo ni ugumu wa ngozi. Wakachora mara ya nne ili kuamua. Mstari wa nne ukapita katikati, haukutoka wala haukubaki.

"Basi kura zimeharibika," alisema shemeji.

Ilibidi mtu aamue, na mwenye karakana alikuwa mmoja. Bwana Soli alikaa mbele ya ile programu yenye sura mbaya, akafuata alama nyekundu moja baada ya nyingine, akalainisha mistari iliyokuwa yake, akaiacha iliyokuwa ya dada. Alipofika kisiginoni alisimamisha mkono. Hakikufunguka kidirisha chochote. Hakuna aliyempa shauri. Akauacha mstari utoke, kidogo, nusu ya ulivyotoka kwa penseli, na mpaka leo hawezi kueleza kwa nini nusu. Akaweka sponji kwenye mashine, ikakata soli.

Vilipokamilika, dada alivivaa viatu palepale karakanani. Akasimama. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akasimama tena, muda mrefu, macho yametazama ukutani. Mdogo wake alikuwa amepiga magoti, hainuki.

"Vipi?"

"Ngoja." Akahamisha uzito. "Huku kwenye mfupa hakuna kitu. Nasubiri paume, hapaumi. Au nimezoea kusubiri, sijui."

Akaondoka navyo. Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita. Alipitia karakanani jioni akitoka kazini, nywele zina harufu ya mvuke wa pasi. Msimamizi, alisema, alikuja kumtazama asubuhi, akaja mchana, akaja jioni akajifanya anatafuta kalamu. Foronya zimempata mtu mwingine.

Bwana Soli alimsogezea kiti.

"Nani kakwambia nimechoka?" Aliegemea meza, amesimama, akila karanga alizozikuta kwenye kopo la misumari, akilalamika zina ladha ya gundi. Viatu vilikuwa vimeshaanza kukunjamana mahali vinapostahili kukunjamana. Ubavuni, penye gololi, ngozi ilikuwa imejaa vizuri.

Mdogo wake alisubiri amalize kutafuna.

"Na pale kisiginoni, dada?"

"Pale wapi?"

Aliinama kumwonyesha. Kidole kilifika karibu na kiatu, kikaelea hapo, kikitetemeka kidogo, mbele, nyuma, mbele tena. Kisha akakirudisha.

"Basi," alisema. "Kama hupasikii, hapakuwa na kitu." Akainuka, akachukua zile karatasi nne, na kabla ya kuzihifadhi akaziinua tena dirishani, ingawa nje kulikwisha kuwa na giza na hakuna kilichoonekana.